Raba ya 1974 ndani ya boksi si spea mpya

Wiki iliyopita gereji kwangu ameingia mteja mwingine mwenye boksi kuukuu. Kijana mpole, shikamoo ya heshima, Land Rover ya marehemu babu yake, Series IIA, imelala bandani Usa River miaka kumi na kitu. Akashuka na boksi dogo la karatasi ngumu, rangi imefifia, ndani yake ripea kiti (seti ya raba) ya masta ya breki, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki, imeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta. Akaiweka mezani kwa mikono miwili kama anatoa posa.

"Fundi, hii ni orijino kabisa. Haijafunguliwa tangu 1974."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Siku hizi nikimwona mtu anashuka na boksi kuukuu, najua atakachosema kabla hajafunga mlango. Basi niyaandike hapa nimalize, nisiyarudie kila Jumamosi.

"Spea ya zamani ambayo haijafunguliwa inazidi mpya"

Kwa chuma, sawa. Niletee gia, hafu shafti (fimbo inayozungusha tairi), pistoni au pini iliyokaa dukani tangu enzi hizo, haina kutu, nitaifunga huku naimba. Chuma cha wakati ule kilikuwa chuma. Lakini raba haingoji ifungwe kwenye gari ndiyo ianze kuzeeka. Inazeeka ndani ya boksi, kwa hewa na kwa joto, na stoo zetu zimeezekwa bati. Miaka hamsini chini ya bati! Ulaini unaiacha kidogo kidogo, inakakamaa, kisha inachanika nyufa ambazo hutaziona mpaka uikunje.

Nilimwonyesha yule kijana. Nikachukua ile raba yenye umbo la kikombe, nikaibinya mdomo wake kati ya kucha mbili chini ya taa. Nyufa zikajitokeza mduara mzima, kama magaga ya kisigino. Nikabonyeza kucha, alama ikabaki palepale. Raba iliyo salama ingerudi ilivyokuwa. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama haiwezi kulowekwa kwenye mafuta ya breki ikalainika. Hapana, bwana mdogo. Itavimba kidogo, ikudanganye wiki moja.

Sababu ya mimi kuwa mkali hapa ni hii. Kile kikombe kinafanya kazi kwa mdomo wake. Ukikanyaga pedali, presha inautanua mdomo ubane ukuta wa silinda, mafuta yasipite. Raba ngumu haitanuki. Mafuta yanarudi nyuma ya kikombe, pedali inazama taratibu mpaka chini. Na Land Rover nyingi za wakati huo zina mfumo mmoja tu wa breki kwa matairi yote manne. Gari la leo likipoteza mfumo mmoja linabaki na mwingine. Hii ya babu yako masta ikikataa, huna breki hata ya tairi moja.

Mzee mmoja wa Karatu alinunua kiti kama ile kwenye duka la zamani, akaifunga mwenyewe, akaendesha siku tatu bila shida. Siku ya nne anashuka ukingo wa Manyara kuja Mto wa Mbu, pedali ikazama. Kilichomwokoa ni gia ndogo na handbreki. Handbreki ya Land Rover hizi haishiki matairi. Inashika propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu, nyuma ya giaboksi, kwa hiyo ukiivuta gari likitembea, mzigo wote unabebwa na difu na hafu shafti. Gari likasimama, hafu shafti moja ikakatika. Alinipigia simu akilaumu hafu shafti.

Kwa hiyo ripea kiti za masta na wili silinda, hosi za breki, oili sili, raba za wota pampu, bushi, dayaframu ya pampu ya petroli: nunua zilizotengenezwa karibuni, hata kama boksi lake ni baya na jina hulijui. Matairi pia, na hayo hayana kisingizio kwa sababu tarehe imeandikwa ubavuni. Tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000, lifanye bembea ya watoto.

Na breki shuu za zamani, zile "nene, za Uingereza kweli"? Nyingi zina asbesto. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999. Ukifungua ngoma zenye shuu hizo usipulizie vumbi kwa kompresa kama mafundi wengi wanavyofanya. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe.

Jambo la mwisho kuhusu raba, halafu niliache. Acheni kuosha masta kwa petroli. Unanunua kiti mpya, nzuri, kisha unaiosha kwa petroli na kuipaka grisi ya beringi "iteleze". Petroli na mafuta ya jamii hiyo yanaivimbisha raba ya breki, inakwama ndani ya silinda, breki zinang'ang'ania mpaka ngoma zinatoa moshi. Osha kwa spiriti, pakaza mafuta ya breki yenyewe, funga. Hili nimewafukuzia wanafunzi wawili.

"Boksi lina jina, basi ni orijino"

Jina gani? Kiwanda cha Land Rover hakikutengeneza breki zake, zilitoka kampuni ya Girling. Umeme ulitoka Lucas. Ile "orijino" mnayoitafuta ilikuwa spea ya Girling ndani ya boksi la Land Rover. Ukipata ya Girling yenyewe umepata kitu kilekile kwa bei ndogo. Lakini hata majina hayo yamebadili mikono. Lucas iliungana na Varity mwaka 1996, ikanunuliwa na TRW mwaka 1999, nayo TRW ikaja kumezwa na ZF ya Ujerumani mwaka 2015. Ukiona neno Lucas kwenye kondensa iliyotengenezwa juzi, usidhani imetoka kwa wazee wa Birmingham.

Muuzaji mzuri namjua kwa maswali yake. Nikimwambia "nataka masta ya 109", yaani ya Land Rover ndefu, akanipa palepale, naondoka. Anayefaa atauliza namba ya chasisi, atauliza kama ni petroli au dizeli, ataniambia leta ya zamani tulinganishe. Spea za Land Rover zina namba. Za mwanzo ni tarakimu tupu, baadaye zikaanza na herufi kama RTC na STC, na muuzaji asiyezijua namba hizo anauza kwa macho. Swali langu la pili ni dogo: nikirudisha isiyoingia, unapokea? Akicheka, namshukuru na kwenda zangu. Nimenunua Gerezani, Dar es Salaam, nimenunua barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, nimeagiza Uingereza kwa posta. Kote huko kuna wakweli na matapeli, na bei haijawahi kunisaidia kuwatofautisha.

Na kuna vitu hupaswi kununua kwa muuzaji wa Land Rover hata kidogo. Beringi za tairi ni za Timken, namba imechongwa kwenye chuma chenyewe. Ifute grisi, isome, nenda duka la beringi, si duka la magari. Oili sili vilevile: pima kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Vipimo hivyo vitatu vinatosha. Watu wanasubiri mzigo miezi miwili kwa kitu kilichopo mtaa wa pili.

"Land Rover haili kutu, ni aluminiamu"

Bodi ni aluminiamu. Gari lilipozaliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, wakatumia walichonacho. Chasisi ni chuma. Ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma. Na chasisi hii ni boksi lenye uwazi ndani. Tope linaingia, linakaa, inaliwa kutoka ndani huku nje inang'aa rangi mpya. Zile zilizofanya kazi Natron na Manyara zina vumbi la magadi ndani, na hapo ni balaa. Pia pale aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na unyevu na chumvi, aluminiamu yenyewe inaliwa na kugeuka unga mweupe. Kabla ya kununua, chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi urefu wote. Inayolia ni nzima. Inayojibu "puf" mwachie mwenyewe.

Hapohapo niwaombe: msianze na rangi. Mtu amemaliza pesa kwa puti na rangi ya kijani maridadi, ndipo analeta gari niunganishe chasisi kwa moto. Rangi itaungua, na atanuna.

"Toa themostati, nchi yetu ni ya joto"

Anayesema hivi hajawasha gari Arusha asubuhi ya Julai. Injini isiyo na themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka yapate joto, inachelewa kupata joto lake, inakula petroli, na silinda zinasagika haraka. Kuna injini ambazo ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejeta na joto linazidi. Gari likichemka, safisha rejeta, angalia mfuniko wake, angalia feni. Themostati ni ya mwisho kulaumiwa na ya kwanza kutupwa.

"Petroli ya siku hizi haina risasi, itaua injini"

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Kama gari lako limetembea tangu hapo, jibu unalo. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu, pale valvu inapokalia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Hedi za aluminiamu, kama za Peugeot 504 na Volkswagen za mgongo wa kobe, zina viti vya valvu vya chuma kilichopachikwa, wala zisikusumbue. Kwa hedi ya chuma inayobeba mizigo milimani, pima nafasi za tapeti mara kwa mara. Zikiwa zinajibana kila baada ya muda mfupi, viti vinaliwa, na hapo peleka hedi ikapachikwe viti vigumu. Chupa za dawa za kumiminia kwenye tenki siuzi.

"Bolti ni bolti"

Bolti za Land Rover hizi ni za inchi. Ya milimita inaingia nusu mzunguko wa kwanza, ndiyo maana fundi anadhani imekubali, kisha anaisukuma kwa spana ndefu na kuua uzi wa hedi. Na spana ya 13 si ya nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, hiyo nafasi ndogo iliyobaki ndiyo inayoviringisha pembe za nati mpaka unaitoa kwa patasi. Seti ya spana za inchi za mtumba hugharimu kidogo kuliko hiyo kazi ya patasi ninayowatoza.