Je, wajua kwa nini kaburi la Kapteni Kirk liliandikwa jina ambalo si lake?

Kama una ile Star Trek ya kale, sirizi ya TV ya Marekani kuhusu chombo cha angani ambacho Kirk ndiye kapteni wake, ile iliyoanza 1966, tafuta episodi ya Where No Man Has Gone Before upeleke mbele mpaka karibu na mwisho. Kuna jamaa anaitwa Gary Mitchell, mshkaji wa Kirk wa miaka mingi, kashapata nguvu za ajabu na macho yanamng'aa balaa, anamchimbia Kirk kaburi kwa akili tu, hajagusa hata jembe. Na jiwe la kaburi kaweka. Sasa simamisha picha hapo usome: James R. Kirk. Wakati kila mtu anajua ni James T. Kirk, T ya Tiberius! Yaani mtu kafikia kujiona mungu ila jina la rafiki yake limempiga chenga.

Ukweli ni kwamba hiyo episodi ilikuwa sampuli tu ya kuwaonyesha NBC, kituo cha TV, waamue kama watainunua sirizi, tena ya pili, kwa sababu ya kwanza waliikataa. Wakati inatengenezwa hakuna aliyejua kama kutakuwa na sirizi yenyewe, herufi ya katikati nani aihangaikie. T ilikuja baadaye, jiwe lilishapigwa picha, basi likabaki hivyo.

Halafu NBC wakavuruga zaidi. Hawakurusha kwa mpangilio wa kurekodi, wakaanza na The Man Trap tarehe 8 Septemba 1966, ile sampuli ikaja wiki ya tatu. Sasa jifanye uko sebuleni Marekani mwaka huo: wiki ya kwanza daktari ni McCoy, ya pili McCoy, ya tatu ghafla daktari ni mzee mwingine kabisa, sare zimebadilika, Sulu tunayemjua kwenye usukani kawa mwanafizikia, halafu wiki inayofuata McCoy huyo karudi na wala hakuna anayeuliza alikuwa wapi. Uhura, yule dada wa mawasiliano melini, naye kaanza na nguo nyekundu, Oktoba na Novemba zikaingia episodi zilizorekodiwa mapema amevaa ya njano, kisha nyekundu tena. Na nani angewakamata? Video za nyumbani zilikuwa bado, episodi ikipita imepita.

Ila mashabiki hawasahau bana. Khan, adui wa Kirk, alitokea Februari 1967, Chekov, afisa wa melini, akaingia kwenye sizoni ya pili, Septemba mwaka huo huo, lakini kwenye muvi ya Star Trek ya 1982 Khan anamkazia macho Chekov na kumwambia huwa hasahau sura. Sura gani sasa, mlikutana wapi? Walter Koenig mwenyewe aliyeigiza Chekov alikuwa anatania kwamba Chekov alikuwemo melini siku zote, sema alijifungia chooni muda mrefu na Khan ndiye aliyekuwa anasubiri nje.

Klingoni, wale viumbe wa sayari nyingine, ndio kichekesho kabisa. Miaka ya sitini walikuwa na mapaji laini kama wewe na mimi, hela ya vipodozi haikuwepo, muvi ya 1979 ikawaotesha matuta. Mwaka 1996 Worf, Klingoni wa sirizi ya baadaye, akaulizwa kuhusu hilo akajibu kwamba hawalizungumzi na watu wa nje. Ningewashauri waishie hapo hapo, lakini 2005 wakaleta episodi mbili nzima za kueleza kwamba mapaji yalilainishwa na kirusi cha ugonjwa.

Mimi inayoninyima usingizi ni ya Uhura, ambaye jina lake lilitokana na uhuru yetu hii hii (na muvi ya 2009 ikamtaja jina la kwanza, Nyota). Kwenye The Changeling ya 1967 mashine inamfuta kumbukumbu zote, inabidi Nesi Chapel amfundishe kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Anafika kwenye neno la Kiingereza la rangi ya bluu, analitamka na ile e ya mwisho, bluwi, anakwama, anakasirika, na analalamika kwa Kiswahili! Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza na somo linaendelea, na McCoy anasema ndani ya wiki atakuwa kazini. Sasa nielezeni, kama kichwa kilifutwa chote, Kiswahili kilikuwa kimejificha wapi?