Losheni ya jua kwa ngozi ya Kihindi: soma PA kabla ya SPF

Ukigeuza tyubu ya losheni ya jua inayouzwa India, mara nyingi utakuta alama mbili zimekaa pamoja: SPF 50, kisha PA ikifuatwa na alama za kujumlisha, moja hadi nne. Wanunuzi wengi husoma namba, wakaulizia bei, wakalipa. Zile alama za kujumlisha hupita bila kutazamwa, nazo kwa mwenye ngozi ya kahawia ndizo zenye habari anayoitafuta.

Ili kuzielewa lazima tuijue miale yenyewe. Miale ya urujuanimno inayotufikia kutoka juani ni ya aina mbili. Ya kwanza ni UVB, miale mifupi inayoishia tabaka la juu la ngozi. Hii ndiyo inayounguza: ngozi ikawa nyekundu, ikauma, baadaye ikabanduka. Ya pili ni UVA, mirefu zaidi, inayozama ndani ya ngozi. Haiunguzi kwa kasi ile, lakini huziamsha seli zinazotengeneza rangi, na kwa miaka huilegeza ngozi ikakunjamana kabla ya wakati wake. Kioo cha dirisha huizuia UVB karibu yote. UVA kinaiacha ipite kwa wingi. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa ofisini kutwa, pembeni ya dirisha, asiungue hata kidogo na bado shavu moja likaiva rangi kuliko la pili.

SPF ni kipimo cha kuungua. Maabara huwachukua watu waliojitolea, huwapaka losheni mgongoni kwa unene maalumu, huwamulika kwa taa, kisha mpimaji hutazama ngozi inaanza lini kuwa nyekundu. Ikihitajika miale mara 30 zaidi ya ile inayoiwekundisha ngozi isiyopakwa kitu, losheni hiyo ni SPF 30. Na kwa kawaida wanaopimwa huwa ni watu wa ngozi nyeupe, kwa sababu kwao wekundu huonekana upesi. Kwa hesabu, SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya UVB, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Kutoka 30 kwenda 50 ni hatua ndogo kuliko namba zinavyotangaza.

PA, kipimo cha kinga dhidi ya UVA, ilitoka Japani mwaka 1996, na inauliza swali tofauti kabisa. Hapa hakuna anayetafuta wekundu. Ngozi humulikwa kwa UVA, ikaachwa saa mbili hadi nne, kisha mpimaji hutazama imekuwa nyeusi kiasi gani na weusi umebaki. Alama moja ya kujumlisha maana yake kinga ya mara 2 hadi chini ya 4. Alama mbili, mara 4 hadi chini ya 8. Tatu, mara 8 hadi chini ya 16. Na ya nne, iliyoongezwa mwaka 2013, ni mara 16 na kuendelea. Kwa hiyo tyubu moja inajibu maswali mawili: je, nitaungua? Na je, nitaingia weusi na madoa? Ngozi ya Kihindi kwa sehemu kubwa inasumbuliwa na la pili.

Niseme kwanza kwamba "ngozi ya Kihindi" si rangi moja. Mtu wa Kashmir kule kaskazini na mtu wa Tamil Nadu kule kusini wanaweza kupishana kama maziwa na kahawa. Madaktari wa ngozi hutumia ngazi aliyoianzisha Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ambayo leo ina daraja sita, kuanzia ngozi inayoungua daima bila kubadilika rangi hadi ngozi nyeusi isiyoungua kwa urahisi. Wahindi wengi wako kati ya daraja la tatu na la tano. Wana melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuwapunguzia kuungua, na saratani ya ngozi kwao ni adimu ukilinganisha na Wazungu. Lakini melanini hiyohiyo ndiyo chanzo cha kero: seli zinazoitengeneza huchokozeka haraka. Chunusi ikipona huacha doa, kung'atwa na mbu kunaacha doa, hata kusugua uso kwa nguvu. Jua likilipiga doa hilo kila siku, linakolea na kugoma kuondoka.

Nilipokuwa nasoma India, mjini Pune, niliishi chumba kimoja na binti wa Nagpur aliyekuwa akiendesha skuta kila siku kwenda chuoni. Anayeijua Pune anaijua picha hii: wasichana juu ya skuta, skafu imezungushwa kichwa kizima yakabaki macho tu, glavu ndefu hadi juu ya kiwiko. Mwenzangu alikuwa na skafu, alikuwa na glavu, na alikuwa na losheni ya SPF 50 aliyopaka kila asubuhi bila kukosa. Hata hivyo mwaka wa pili yakaanza mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, yale ambayo kwa Kihindi wanayaita jhaiyan na hospitali wanayaita melasma. Nilimsindikiza kwa daktari. Yule mama hakuanza na uso; aliomba kwanza kuiona losheni. Akaigeuza, akatafuta kwa kidole, akamwonyesha kwamba nyuma ya SPF 50 hapakuwa na kitu: hakuna PA, hakuna neno lolote kuhusu UVA. Miaka miwili dada wa watu alikuwa akijikinga na kuungua, jambo ambalo halikuwa tatizo lake.

Melasma haisababishwi na jua peke yake. Ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango na urithi wa familia vyote vinahusika, na wanaume nao huipata. Ila hakuna dawa ya melasma itakayofanya kazi huku uso unaendelea kupigwa na jua, na ndiyo sababu daktari huanza na losheni.

Kuna jambo jingine ambalo hata PA hailisemi. Kwa ngozi ya kahawia na nyeusi, mwanga wa kawaida wa jua, huu tunaouona kwa macho, nao huongeza madoa, hasa upande wake wa buluu. Losheni nyingi zinazoua UVB na UVA huuacha mwanga huu upite. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, unga uleule wa rangi nyekundu, njano na nyeusi unaotiwa kwenye fondesheni. Kwa hiyo mwenye melasma au madoa sugu namshauri atafute losheni yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, yenye PA ya alama tatu au nne. Hii ndiyo losheni ambayo ngozi ya Kihindi inaihitaji kuliko zote, na wauzaji wengi huipendekeza mwishoni kana kwamba ni kipodozi tu.

Rangi hiyo inatibu pia aibu ya zamani ya losheni za jua. Zinki oksidi na titani dioksidi ni vichujio vizuri vya miale, vinavyovumiliwa hata na ngozi inayowasha kwa kila kitu, lakini ni unga mweupe. Juu ya ngozi ya kahawia hubaki kama majivu. Mtu anatoka bafuni uso wa kijivu, shingo ya rangi yake. Wengi waliacha losheni kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu. Dukani usijaribu nyuma ya kiganja chini ya taa. Paka kidogo kwenye taya, toka mlangoni, jitazame kwenye mwanga wa nje baada ya dakika chache. Kama taya limepauka, rudisha. Losheni za vichujio vya kikemikali, zisizokaa juu kama chokaa, hazina weupe huo, ila baadhi ya watu huwawasha macho zikichuruzika na jasho.

Na jasho India si jambo dogo. Mumbai mwezi Juni masika yakiingia, krimu nzito inageuka supu usoni na vinyweleo vinaziba. Hapo jeli au losheni ya majimaji ndiyo inayokaa. Delhi mwezi Desemba, hewa kavu na baridi, krimu ileile inapendeza. Leh, iliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, baridi inamdanganya mgeni: kila unapopanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji inakurudishia nyingine kutoka chini. Mawingu nayo hayaaminiki, sehemu kubwa ya miale hupenya.

Sasa kipimo. Ile SPF ya maabara ilipatikana kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Watu majumbani hupaka nusu ya hapo, wengine robo, na kinga hushuka nayo. Chora mstari wa losheni kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia chini hadi ncha. Hizo ndizo za uso na shingo. Ni zaidi kidogo ya gramu moja, kwa hiyo tyubu ya gramu 50 ikipakwa mara moja tu kwa siku inatakiwa iishe ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi. Ikiwa miezi mitano baada ya kuifungua bado unayo, unapaka harufu. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili, na baada ya kuogelea au kujifuta jasho kwa taulo.

Kuna vitu vinavyopendwa sana majumbani ambavyo si losheni ya jua. Manjano, ambayo Wahindi huita haldi, malai (utando wa maziwa) na unga wa msandali vina historia ndefu na harufu tamu, lakini havizuii miale. Mafuta ya nazi kinga yake ni ndogo mno kuitegemea. Limau ni hatari: ukijipaka usoni ukatoka juani unaweza kupata malengelenge na weusi unaokaa wiki nyingi.

La kuogopwa zaidi ni krimu za kung'arisha zenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndugu wa mkorogo tunaoujua huku kwetu. India kuna mchanganyiko maarufu wa hydrokwinoni, tretinoini na mometasoni, hii ya mwisho ndiyo steroidi. Daktari huutoa kwa melasma kwa wiki chache, lakini watu huupaka miaka kama krimu ya kila siku hadi ngozi inakuwa nyembamba, nyekundu, inayoota nywele na chunusi, isiyostahimili jua hata la asubuhi. Madaktari wa ngozi wa India wamepiga kelele juu ya hili kwa miaka. Mwaka 2018 serikali yao iliamuru krimu za steroidi ziuzwe kwa cheti cha daktari. Nami nasema wazi: losheni ya jua haipo ili kumfanya mtu mweupe. Krimu iliyoingia sokoni India mwaka 1975 kwa jina la Fair & Lovely ilibaki na jina hilo hadi mwaka 2020, na kwa miaka hiyo yote vizazi viliambiwa weupe ndio uzuri. Losheni nzuri ya jua inailinda rangi uliyozaliwa nayo isigawanyike vipande.

Haya yote yanawahusu pia Wahindi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambao jua lao ni la karibu na ikweta na halina Desemba ya Delhi, na yanamhusu yeyote kati yetu mwenye ngozi inayoacha doa kila chunusi inapopona. Losheni nyingi zinazofika madukani kwetu kutoka Ulaya hazina PA. Kwenye hizo tafuta herufi UVA ndani ya duara. Maana yake kinga ya UVA inafikia angalau theluthi ya ile SPF. Zile za Marekani huandikwa "Broad Spectrum", yaani zinakinga pande zote mbili, bila kusema kwa kiasi gani.

Mwenzangu alibadilisha losheni akachukua yenye rangi, PA ya alama nne. Skafu hakuivua. Mabaka yalichukua miezi minane kufifia, na la juu ya mdomo bado linarudi kila kiangazi.