Kupasha nyumba joto Nyanda za Juu: umeme, gesi, kuni au mkaa?

Ikifika Juni, watu wa Njombe, Makete na Mafinga huanza kuulizia hita. Kabla ya hita, tazama juu. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye bati tupu, nje nyuzijoto 8 na ndani unataka 20, hupoteza kama wati 1,300 kupitia bati peke yake. Piga dari ya jipsam, upotevu huo ushuke hadi karibu wati 500. Ziba na mwanya ulio chini ya mlango. Asiye na dari ananunua joto la kuwapa popo.

Sasa tulinganishe. Chukua kilowati 2 za joto kwa saa 4 za jioni, yaani uniti 8. Hita yoyote ya kawaida ya umeme itakula uniti 8 zile zile, iwe ya feni, ya nyaya nyekundu au ya mafuta. Muuzaji anayekuambia ya mafuta "inabana umeme" anakudanganya. Tofauti yake ni kwamba hupoa polepole na haina waya mwekundu wa kuunguza pazia. Ya feni huwahi kupasha lakini ina kelele. Kila jioni kwa mwezi mzima ni uniti 240, kwa hiyo ukiwa D1 ya TANESCO, bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo nyumbani, utauvuka mbali ule mpaka wa uniti 75 kwa mwezi.

Kinachoharibika mara nyingi si hita, ni njia ya umeme. Kilowati 2 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, mfululizo, kwa saa nyingi. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haihimili, hasa ikiwa imekunjwa chini ya zulia. Baada ya nusu saa zima hita, chomoa plagi, ushike pini zake. Zikiwa za moto, au plastiki imeanza kuwa ya kahawia pembeni ya tundu, soketi imelegea ndani; ibadilishwe kabla ya kuendelea. Hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa milimita 2.5 za mraba, bila kuchangia na pasi wala jagi la umeme.

Gesi: zile hita za kusukuma zenye vigae vitatu hutoa kama kilowati 4.2 vigae vikiwaka vyote, na hula takriban kilo 0.3 kwa saa. Mtungi wa kilo 15 utakupa saa 45 hadi 50. Kwa jioni yetu ni kilo 0.6 hivi. Lakini hakuna bomba la kutolea hewa nje, na kila kilo ya gesi inayoungua hutoa karibu lita 1.6 za maji kama mvuke. Ndiyo maana vioo hulia maji na kuvu huota nyuma ya kabati. Acha dirisha wazi kidogo, paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira kila ukibadilisha mtungi, na usiiweke chumba cha kulala.

Mkaa, karibu kilo 1 kwa jioni hiyo hiyo, siupendekezi ndani hata kidogo. Watu husubiri moshi uishe ndipo waingize jiko, wakidhani hatari imeisha. Kaa jekundu lisilo na moshi ndilo linalotoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na ukilifunika majivu ili lidumu usiku unaupunguzia moto hewa, sumu inazidi. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea: tokeni nje wote, kisha hospitali. Kufungua madirisha ya kutosha kuwa salama hutoa na joto lote, sasa mkaa wa nini?

Kuni ndizo zenye maneno mengi. Meko ya wazi ya ukutani ni nzuri kwa macho, ila sehemu kubwa ya joto hupanda na dohani. Kwa uniti zetu 8 utachoma kama kilo 13. Jiko la chuma lenye mlango hutaka kilo 3. Ukijenga meko hata hivyo, mdomo wa sentimita 75 kwa 60 unahitaji njia ya moshi ya angalau 22 kwa 22. Fundi akikupa 15 kwa 15, moshi utarudi sebuleni. Dohani ipite paa, na izidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3. Weka na kifuniko cha kufunga baada ya moto kuzimika kabisa, si kabla.

Miwati na mikaratusi ipasuliwe na ikae chini ya kivuli chenye upepo miezi 6 hadi 12. Gonga vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mdundo mzito. Kuni mbichi hupaka dohani lami, na lami hiyo siku moja huwaka. Safisha kila mwaka kabla ya baridi.

AC ya inveta inayopasha ndiyo rahisi kuendesha: uniti 2 hadi 3 badala ya 8, kwa sababu inahamisha joto la nje badala ya kulitengeneza. Baridi yetu si kali kiasi cha kuishinda. Ila AC nyingi zinazoletwa kwa soko la Pwani hupoza tu, kwa hiyo tafuta alama ya jua kwenye rimoti na uwezo wa kupasha kwenye lebo. Asubuhi yenye sakitu itasimama dakika chache kuyeyusha barafu kwenye kifaa cha nje, maji yatiririke chini yake. Usimwite fundi.