Blanketi la viraka vya kitenge kwa ajili ya Krismasi: lishone ukiwaza beseni

Blanketi la mtoto mdogo hufuliwa kuliko nguo yake yoyote ya sikukuu. Litasuguliwa kwa sabuni ya mche, litakamuliwa na watu wawili kila mmoja akiwa ameshika upande wake, litaanikwa juani, na kesho yake litaburutwa tena barazani. Kila kipimo ninachotoa hapa, kuanzia aina ya kitambaa hadi upana wa ukanda wa pembeni, kinatokana na hilo. Blanketi za viraka zinazokufa mapema hufumuka kwenye mishono au huchujiana rangi, na yote mawili yanazuilika.

Tuanze na vitambaa. Kuanzia Novemba, mafundi wa barazani wa Moshi na Arusha wanashona nguo za Krismasi na sare za kufungulia shule Januari, kwa hiyo vipande vya vitenge vinajaa chini ya cherehani zao. Nenda mapema na mfuko wako, mwachie fundi, akuwekee. Ukingoja wiki ya sikukuu vipande utavipata, lakini fundi hatakuwa na muda wa kukuchagulia wala cherehani ya kukuazima. Chukua vipande vyenye upana wa sentimita 20 kwenda juu. Vyembamba zaidi ya hapo vitakupotezea muda.

Tenganisha pamba na poliesta. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibanio, ziwashie kiberiti nje, mbali na watoto. Pamba huungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje ngumu. Kama kipande kina vyote viwili utaona majivu yenye vipunje ndani yake. Kiweke upande wa poliesta. Usichanganye aina hizi kwenye blanketi moja, kwa sababu pamba inarudi ikifuliwa na poliesta hairudi. Mraba wa poliesta ukizungukwa na pamba iliyorudi, unatuna katikati na mishono yake inavutwa kila unapokamua.

Kisha fua vipande vyote kabla ya kukata, hata vile vinavyoonekana safi. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame vizuri mkononi, na ukitoka kitambaa kinakuwa kingine kabisa. Nyekundu, buluu iliyokoza na zambarau ziloweke kila moja peke yake pamoja na kitambaa cheupe cha majaribio. Kama maji ya tatu bado yanachuja rangi, kipande hicho kisiingie kwenye blanketi, hata kama ni kizuri kuliko vyote. Wengi huweka chumvi au siki wakiamini inashikisha rangi. Kwa vitenge vya sasa haishikishi. Inachelewesha tu siku ya kuharibikiwa. Piga pasi vipande vikiwa na unyevu kidogo.

Blanketi la mtoto wa miaka miwili hadi sita linatosha likiwa na miraba 48: sita kwa upana, minane kwa urefu. Kata kila mraba sm 17 kwa 17, shona kwa nafasi ya mshono ya sm 1 (umbali kutoka ukingo wa kitambaa hadi mshono), na kila mmoja utabaki sm 15. Kitenge cha upana wa sm 112 kinatoa miraba sita kwa mkato mmoja wa sm 17, kwa hiyo vitenge vinane tofauti, mkato mmoja kila kimoja, vinakamilisha hesabu. Kielelezo cha kukatia usikifanye kwa boksi. Pembe za boksi huliwa na chaki taratibu, na mraba wa arobaini hautalingana na wa kwanza. Mwombe seremala akukatie plaiwudi ya milimita 3, halafu pima pande zote nne na pia kona kwa kona. Vipimo viwili vya kona kwa kona vikitofautiana, si mraba. Unapokata, pitisha mkasi ndani ya mstari wa chaki. Unene wa mstari wenyewe unaweza kukuongezea milimita moja.

Milimita moja inaonekana ndogo hadi uizidishe. Safu ya miraba sita ina mishono mitano. Mshono ukizidi kwa mm 1, unakula mm 1 kila upande, yaani mm 2. Mishono mitano imekula sentimita nzima, na safu hiyo haitakutana na ile uliyoishona jana ukiwa makini zaidi. Bandika kipande cha plasta au utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani, sm 1 kamili kutoka kwenye sindano, na uelekeze kitambaa kwenye ukingo huo. Tumia sindano namba 14 na mshono mfupi, mm 2 hadi 2.5. Mshono mrefu unafunguka mtu akikamua. Kila safu ikiisha ipime: kutoka ukingo mbichi, yaani ule ambao haujashonwa, hadi ukingo mbichi wa upande wa pili iwe sm 92. Ikipungua zaidi ya nusu sentimita, fumua sasa hivi. Kufumua safu moja ni kazi ya dakika chache, na uso mzima uliopinda hauna dawa.

Pasi ipige kila baada ya safu. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hadi mwisho. Safu mbili zikikutana, mishono inalaliana kinyume, kona zinashikana zenyewe, na sindano haikutani na kilima cha vitambaa vinne upande mmoja. Wanaotumia pasi ya mkaa, wekeni kitambaa cheupe juu; chembe moja ya jivu jeusi kwenye kitenge cheupe haitoki kirahisi.

Blanketi lina matabaka matatu: uso wa viraka, tabaka la katikati, na mgongo, yaani upande wa nyuma. Tabaka la katikati litegemee mtoto anaishi wapi. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, na Desemba ni joto. Flana moja inatosha. Arusha mjini ni takriban mita 1,400, na Marangu au Rombo juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuna usiku unaohitaji kitu kizito, hasa Juni na Julai. Kwa huko tumia blanketi jembamba la mtumba. Memorial, soko la mitumba pale Moshi, hayakosekani. Likiwa la sufu lifue kwanza kwa maji ya moto ili lirudi lote kabla hujalifungia ndani. Yale laini ya poliesta hayarudi, ila huvutika upande mmoja, kwa hiyo upande unaovutika uulaze kwenye upana. Kabla ya kununua la pili, kata kipande cha la kwanza, kiweke kati ya vitenge viwili, ukijaribu kwenye cherehani yako. Kiguu, kile kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, kikikwama, blanketi ni nene mno. Shuka la Kimasai linafaa kuwa mgongo, lakini mengi ni ya akriliki na hayapendi pasi kali.

Mgongo na tabaka la katikati vikatwe sm 102 kwa 132, yaani sm 5 za ziada kila upande. Tandaza mgongo sakafuni, uso wake ukitazama chini, uubandike kwa utepe ukiwa umenyooka lakini haujavutwa. Juu yake tabaka la katikati, kisha uso wa viraka. Lainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Hapa vitabu vingi vinakuambia utumie sefti pini. Kwenye nyumba yenye watoto mimi nasema piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya mkono, mistari yenye umbali wa sm 10, ukianzia katikati. Bandi haipotei chini ya kochi. Kama lazima utumie pini, zihesabu kabla na baada, na pitisha sumaku sakafuni. Ile ya spika ya redio mbovu ina nguvu ya kutosha.

Sasa kuunganisha matabaka, na hapa ndipo makunyanzi huzaliwa. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini, huku kiguu kikizuia cha juu. Kila inchi unayoshona, uso unabaki nyuma kidogo, na ukifika mwisho una mfuko wa kitambaa usio na pa kwenda. Legeza mkandamizo wa kiguu, weka sindano namba 16, ongeza urefu wa mshono hadi mm 3 au 3.5. Shona mstari wa katikati kwanza, halafu nenda pembeni, na mistari yote iende uelekeo mmoja. Ukienda na kurudi, blanketi litajipinda mshazari. Cherehani ya miguu inafanya kazi hii vizuri kwa sababu mwendo unautawala wewe, na umeme ukikatika huathiriki.

Asiye na cherehani ya kuvumilia anaweza kufunga mafundo kwa uzi wa kufumia wa pamba kwenye kila makutano ya miraba: 35 jumla. Pitisha sindano mara mbili mahali pamoja, funga fundo bapa, acha ncha za sm 2. Njia hii iache kwa mtoto aliyevuka miaka mitatu au kwa bibi. Mtoto mdogo atatafuna ncha hizo, na uzi uliolegea unaweza kumzonga kidole. Vifungo na shanga navyo vikae mbali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiachwe alale na blanketi la matabaka matatu, kwa hatari ya kufunikwa uso. Kwake kazi hii iwe mkeka wa kuchezea akiwa macho na anaangaliwa.

Watoto wakifunga shule, wape kazi ya kweli. Wa miaka mitatu au minne anapanga miraba sakafuni, na mpangilio wake uuheshimu. Sharti liwe moja, vitenge vinavyofanana visigusane. Wa saba anaweza kupiga bandi kwa sindano butu ya kufumia. Kwa zawadi ya bibi, chora kiganja cha mjukuu kwa chaki kwenye mraba mmoja mtupu, ushone juu ya mstari kabla ya kuuunganisha na mingine. Mkasi wa kitambaa uufungie. Ukikata karatasi mara chache tu, kitenge kitaanza kutafunwa badala ya kukatwa.

Ukanda wa pembeni ndio unaochakaa kwanza, kwa hiyo ufanye maradufu. Punguza matabaka yalingane na uso, sm 92 kwa 122. Kata mikanda mitano ya sm 7 kwa upana wa kitenge, iunganishe mshazari, ikunje katikati kwa pasi. Nusu mita ya kitenge inatosha na chenji inabaki. Wengi hukata sm 6, na ndipo wanashangaa nyuma haufiki: sm 1 inaenda kwenye mshono, sm 1 inapanda hadi ukingoni, na unene wa blanketi unakula kilichobaki. Shona upande wa mbele, simama sm 1 kabla ya kona, kata uzi, kunja ukanda juu kisha ushushe ulingane na upande unaofuata, uanze tena kutoka ukingoni. Nyuma malizia kwa mkono.

Kama Krismasi imekukuta na miraba tu, shona vishikio vya sufuria: miraba ya sm 20, ndani taulo kuukuu la pamba mara mbili. Humo blanketi la poliesta lisiingie hata kidogo, maana litayeyuka mkononi.

Lifue mara moja kabla ya kulitoa, kwa maji baridi na bila jiki. Mvua za vuli huchelewesha kukauka, kwa hiyo lifue siku nne au tano kabla ya safari ya kupanda kwa wazee. Lianike juu ya kamba mbili, mgongo ukitazama jua, usilining'inize kwa kona. Kabla ya kulikunja, bana katikati ya blanketi kwa vidole, pale tabaka la ndani lilipo nene zaidi. Ukisikia ubaridi, bado kuna maji; lirudishe kambani.