Sigi: palipokuwa stesheni ya magogo

Wageni wengi ninaowapeleka kwenye msitu wa hifadhi wa Amani, milima ya Usambara Mashariki, hutaka tupande moja kwa moja hadi juu kwenye baridi na mashamba ya chai. Mimi huwasimamisha Sigi kwanza, pale getini, mbele ya nyumba ya Kijerumani. Leo ni kituo cha maelezo cha hifadhi. Zamani aliishi humo mkuu wa stesheni. Treni ilifika huku jamani! Kutoka Tengeni, kwenye reli ya Tanga, ilichepuka njia ya kilomita 23 hivi kuja kubeba magogo. Reli zenyewe ziling'olewa zamani.

Ila alama ya magogo bado ipo, na mimi kama bwana miti nakuomba uinue macho. Ukiona misizi imesongamana, ujue hapo shoka au msumeno ulipita. Msizi ni mti wa Kagera, kandokando ya Ziwa Victoria. Uliletwa Usambara kwa sababu hukua upesi, ukapandwa kuziba mapengo ya miti iliyovunwa. Mche wake hautaki kivuli. Unataka jua, na ukataji ndio uliolileta jua chini. Kisha hondohondo wakaupenda. Utawasikia kabla ya kuwaona, mabawa yakivuma kama mtu anayepuliza moto wa mkaa. Wanameza tunda lake jeusi, linalofanana na zambarau ndogo, na kuitema mbegu mbali, hata ndani ya msitu ambao hakuna aliyeugusa. Ndiyo maana siupendi msizi nje ya kwao, ingawa mbao zake zinafaa.

Uvunaji wa mashine ulikuja kusimamishwa katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Wakati huo wengi walizungumzia ndege, vyura na dugulushi, lile ua la zambarau la maweni. Mimi nawaza maji pia. Mto Zigi unaoanzia milima hii ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo bomba la mtu wa Ngamiani na Chumbageni, mjini Tanga. Mteremko ukiachwa uchi, mvua ya masika huchukua udongo, na udongo huo hauna pengine pa kwenda isipokuwa bwawani. Ukirudi Tanga, ukipata nafasi, pita Mabayani uone rangi ya maji baada ya mvua kubwa.

Basi la Amani hupandwa Muheza. Masika barabara huteleza, kwa hiyo njoo miezi mikavu, uvae viatu vyenye meno. Lipa kiingilio Sigi, chukua muongoza wageni, na umwombe akuonyeshe mtambara. Ni mti wa milima yetu ya mashariki, na shina lake hunyooka kama mlingoti. Nami nina mtambara wangu ninaoutazama: mche uliojiotea wenyewe chini ya msizi mkubwa, hatua chache kutoka njiani. Mwezi uliopita nilipiga magoti nikauhesabu majani. Yalikuwa tisa.