Wasifu wa kazi mtandaoni: wanayoambiana vijana Dodoma, na hali ilivyo

Usaili wa serikali ukitangazwa, Dodoma hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Wengi wana wasifu LinkedIn, mtandao wa watafuta kazi na waajiri, na ushauri wanaopeana kwenye foleni kuhusu wasifu huo, sehemu kubwa haufai.

"Mtandaoni kila mtu anajipamba, nani atahakiki?"

Wahakiki wapo. Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti yenye majina ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hizo zilikuwa karatasi zilizofungiwa kwenye mafaili. Wasifu wako uko wazi: anausoma bosi wa zamani, uliosoma nao, hata aliyekusimamia fildi. Ukijiita Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ambayo ni wewe na printa moja Area D, anayekujua atacheka, asiyekujua atauliza una wafanyakazi wangapi. Mmiliki wa steshenari ni cheo cha heshima tu.

"Lugha nzito ndiyo weledi."

Soma hii: "Mtaalamu mbobezi wa nishati mbadala mwenye shauku ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii." Halafu hii: "Nafunga sola za majumbani Bahi na Chamwino. Siondoki kabla mwenye nyumba hajajua kusoma taa za chaji." Ya kwanza inamfaa mtu yeyote, na programu ya akili mnemba itakuandikia kama hizo kumi kwa mpigo. Ya pili inazaa maswali: betri za aina gani, zinadumu muda gani? Majibu unayo, maana kazi umeifanya. Kiingereza kikikwama, andika Kiswahili; anayetafuta fundi Dodoma atakuelewa. Kazi inayodai Kiingereza, andika kile utakachoweza kukiongea mbele ya jopo.

"Mkweli hafichi kitu."

Hii ndiyo inayoumiza watu. Kijana anabandika picha ya cheti, namba ya mtihani inaonekana. Mwingine kitambulisho cha NIDA kizima, eti aaminike. Matokeo ya kidato cha nne Baraza la Mitihani (NECTA) huyaweka hadharani kwa namba ya mtihani, kwa hiyo mwenye namba yako anayasoma akiwa kitandani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini picha uliyoibandika mwenyewe ikishapigwa skrinshoti, kuirudisha ni shughuli. Taja chuo, kozi na mwaka, inatosha. Ugomvi wako na bosi nao ukae nje. Kuunyamazia hakukufanyi mwongo.

"Bila suti huonekani wa maana."

Fundi na avae ovaroli. Ila filta ya kung'arisha sura iache, mapokezi wasije wakakuuliza wewe ni nani.

Na jina liwe lile la kwenye vyeti na NIDA, kwa mpangilio ule ule. Kama uliwahi kulibadilisha kisheria, nyaraka za kuthibitisha ziwe kwenye ile bahasha ya kaki.