Kutafuta namba za mfuatano wa kipeo cha pili kwa kanuni yake

Mfuatano wa kipeo cha pili ni ule ambao kanuni yake ina n², na hamna kipeo kinachozidi hapo. Herufi n ni nafasi tu: ya 1, ya 2, ya 3, na kuendelea. Ukitaka namba ya nafasi fulani, kila palipo na n weka nafasi hiyo, kisha kokotoa.

Chukua n² − n. Mshabiki wa mpira wa Kariakoo anaijua hata kama hajawahi kuiandika, maana ndiyo inayohesabu mechi za ligi ya nyumbani na ugenini: kila timu inazikaribisha nyingine zote mara moja. Timu 1 haina wa kucheza naye: 1 − 1 = 0. Wakibaki Simba na Yanga peke yao, 4 − 2 = 2. Timu 3 ni 9 − 3 = 6, timu 4 ni 12, timu 5 ni 20.

Raha ya kanuni ni kwamba unaruka moja kwa moja hadi nafasi unayoitaka. Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20: 400 − 20 = 380. Msimu wa 2021/22 zikawa 16: 256 − 16 = 240. Zimepungua timu 4 tu, lakini zimeondoka mechi 140!

Balaa huanza n² ikiwa na namba mbele yake, kama 3n² + 2n − 1. Wengi tulikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kipeo hakimo. Basi mwanafunzi akipewa n = 4 anazidisha 3 × 4 kwanza, anapata 12, halafu 144, na mwishowe 151. Kumbe kipeo hutangulia kuzidisha, na ni cha n peke yake: 4² = 16, mara 3 ni 48, ongeza 8, toa 1, jibu 55.

Namba nne za mwanzo, basi, ni 4, 15, 32, 55. Zihakiki kwa kutoa: tofauti zake ni 11, 17, 23, na tofauti za hizo tofauti ni 6 na 6. Lazima zilingane, tena ziwe mara mbili ya namba iliyo mbele ya n², yaani 2 × 3. Ukiweka 151 mahali pa 55, utapata 6 na 102.